Kiti cha Kutafsiria

Wivu ninaujua vizuri, na mtu asinidanganye eti ni ugonjwa wa wapenzi tu. Wangu ulikuwa wa kiti cha plastiki.

Mama hajui Kifaransa. Tangu nikiwa shuleni, kila Jumapili baada ya misa nilikuwa ninakaa kwenye kiti hicho, ubavuni pake, ninamtafsiria filamu neno kwa neno huku yeye akichambua maharagwe. Kisha kaka yangu akaoa msichana wa mtaa wa Lac Vert. Mwezi haukuisha. Siku moja ninarudi kutoka Birere, ninakouza vitenge, nakuta wifi amekalia kiti changu na Mama anacheka mpaka machozi. Kwangu hakuwahi kucheka hivyo. Moyo uliniwaka, wee! Na Kifaransa chenyewe cha wifi ni cha kuokota.

Jumapili iliyofuata kaka alileta filamu ya zamani ya mizimu, iliyotungwa kutoka kitabu nilichokisoma sekondari. Nikajiambia, leo ndiyo leo. Nikasimama nyuma yao, nimetega masikio kama mtu wa duane mpakani mbele ya mizigo.

Mwanamke anaolewa katika nyumba ambamo mke wa kwanza alifia. Marehemu hamtaki. Milango inajifunga, taa zinazimika, na mwishoni mzimu unasimama kwenye ngazi na kusema: toka, nyumba hii ni yangu.

Wifi akatafsiri: "Anasema, dada, karibu. Mimi nimechoka, uniangalizie nyumba."

Kwenye filamu, yule mke mpya akatoka mbio kwenye mvua, miguu mitupu.

"Sasa anaenda kuita majirani bakuje kula," wifi akaendelea, bila haya.

Nikaruka. "Muongo! Anamufukuza! Mama, huyu anakudanganya, mimi kitabu nilikisoma!"

Wifi akainamisha kichwa. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Najua," akasema. "Mimi si niko na macho? Mutu wa kufukuzwa kwake ninamutambua hata bila Kifaransa. Kwetu Masisi, wakati wa vita, tulitoka vile vile, na mvua ile ile." Akaokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Weye miaka yote uliniambia kweli, aksanti sana. Lakini kweli niko nayo tayari. Ikaa, mutoto wangu."

Nikae wapi? Nilipindua ndoo, nikakaa. Wifi alikuwa ameweka mikono mapajani. Mama akamgusa goti.

"Na majirani balileta chakula gani?"

Wifi akanitazama mimi. Wivu ulikuwa bado unanichoma, sitasema uongo. Ningeweza kumwacha hapo hapo na aibu yake.

"Sombe," nikajibu kwa hasira. "Sombe na samaki."