Gobori Lililogoma Asubuhi ya Harusi

Kemia niliyosomea chuo kikuu imenifaa mara moja tu nje ya darasa, na hata mara hiyo niliitumia kusema uongo. Ilikuwa asubuhi ya harusi yangu, katika ile miaka ya mwisho ya walowezi, kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Moiben. Gobori la baba mkwe wangu lilikataa kulia.

Lilikuwa bunduki ya zamani, ya kushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, na babake yule Kaburu ndiye aliyekuja nalo kwa gari la ng'ombe. Mwanawe alikuwa na bunduki za kisasa, kwa hivyo kongwe hilo alimwachia nyapara wake, yaani baba mkwe, alitumie kutishia nyani na korongo mahindi yakianza kukomaa. Sharti lilikuwa lisitiwe risasi kamwe. Mzee alilishindilia baruti na matambara tu, na mlio wake, niliambiwa, uliwafanya nyani wafikirie upya maisha yao.

Binti zake wawili wa kwanza walitoka nyumbani kwa mlio huo. Siku ya kupatana mahari Mzee alitangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba huyu wa mwisho pia hatatoka mpaka bunduki ilie. Nililiona ni jambo la kupendeza. Nilikuwa mwalimu kijana, nimefunga tai, na siku hizo mambo mengi yalinipendeza.

Siku ya harusi tulifika mapema na lori la kubebea mahindi, tumelifagia na kupanga mabenchi ndani. Pasta alikuwa akitungoja kanisani mjini, na alikuwa ameonya kwamba saa tisa ana mazishi na hana mazoea ya kuchanganya waumini. Bibi harusi alikuwa tayari mlangoni na shela yake. Mzee akatoka na koti lake refu la jeshi, akamimina baruti, akaishindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma, bila haraka, kisha akavuta nyundo nyuma na kuchomoa fataki.

Fataki, kwa asiyeijua, ni kikombe cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi, kama kofia ya mtu mdogo sana. Huvikwa juu ya kachuma kenye tundu kaliko nyuma ya mtutu. Nyundo ikigonga, fataki hutoa cheche, cheche hupita tunduni na kuifikia baruti, na nyani huhama. Kazi yote ni hiyo.

Mzee akaelekeza gobori juu, akafyatua. Fataki ikasema pa, kama kijiti kilichovunjika. Tukangoja. Jogoo aliwika upande wa jikoni. Akavika ya pili. Pa. Ya tatu ilidondoka chini kabla nyundo haijaifikia.

Shangazi wa bibi harusi, mwanamke mnene ambaye tangu tulipofika hakuwa amenipenda wala kunichukia, akauliza, "Sasa hiyo ni bunduki ama ni kikohozi?"

Mpambe wangu, karani wa stesheni, alitazama saa yake. "Kama ni treni, ingekuwa imeshaondoka."

"Haijalia," akasema Mzee, ametulia kabisa. "Mtoto hatoki."

Ndipo shangazi akanigeukia. Siku ya mahari wazee walikuwa wameniuliza hiyo kemia ni kitu gani, nami kwa kutaka sifa nikajibu ni elimu ya vitu vinavyolipuka. "Mwalimu," akasema, "si uliambia watu umesomea hii maneno? Haya. Bibi ni wako, bunduki ni hiyo."

Nilivua koti. Mtu akivua koti watu huamini anajua anachokwenda kufanya, na kwa muda mfupi hata mimi niliamini.

Nilianza na ile fataki iliyodondoka. Ilikuwa imelegea, kwa hivyo nikaibana ukingo kwa vidole ili ishike vizuri. Ikashika. Nikafyatua. Pa. Nikatangaza kwamba fataki zimepata ubaridi, kwa kuwa Mzee alizihifadhi kwenye kibati kimoja na ugoro wake, na ugoro huvuta maji. Nikazitandaza kwenye sinia juani. Nikiwa bado naeleza, kuku mmoja akaja akameza moja.

Watu wakaruka kando. "Mtu asimfukuze huyo kuku," shangazi akaagiza. "Mwacheni atembee pole pole." Kwa muda wote uliobaki kuku yule alizunguka uani akipishwa kama mkuu wa wilaya.

Fataki zilizoanikwa zilikuwa kali zaidi. Niliyojaribu ilitoa sauti ya kuridhisha kabisa, lakini mtutu ukakaa kimya vilevile. Hapo nikaelewa kwamba cheche ipo, ila njia imefungwa. Nikaomba pini. Katika boma zima pini iliyokuwa karibu ni ile iliyoshika shela ya bibi harusi. Akaichomoa mwenyewe, akanipa.

"Ukiipoteza," akaniambia, "mimi nitaingia kanisani nimeshika shela kama mtu anayebeba samaki."

Shangazi akatufukuza twende nyuma ya ghala la mahindi. "Kama ni kulipuka, ilipukie huko na wenye elimu." Nikaenda na gobori, na Mzee akanifuata na kigoda chake. Nililaza bunduki juu ya gunia, mdomo ukielekea shamba lililokwisha kuvunwa, nikaingiza pini tunduni. Ilitoka na kitu cha manjano.

Nilitegemea masizi, kutu au mafuta yaliyoganda. Nikanusa. Kilinukia asali. Nikachokoa tena, kikatoka kingine, laini, kipya, kimeshindiliwa kwa uangalifu zaidi kuliko ile baruti. Masizi huingia tunduni yenyewe, na kutu pia. Nta haina tabia hiyo. Nikamtazama Mzee, mfugaji wa nyuki anayejulikana mpaka ng'ambo ya mto. Yeye alikuwa akitazama shamba.

"Mzee," nikasema, "hii ni nta."

"Ni nta," akakubali.

"Imeingiaje?"

Akafikiri. "Nyuki siku hizi wanajenga mahali popote."

Nikaendelea kusugua mtutu uliokuwa safi tayari. Mzee akaanza kuzungumza, bado amekabili shamba.

"Wale wawili waliolewa hapo chini tu. Jioni wakiwasha moto, mimi naona moshi yao. Najua wamekula. Huyu unapeleka mjini. Moshi ya mjini ni ya kila mtu."

"Mjini si mbali, Mzee."

"Najua si mbali. Napelekanga maziwa huko. Neno nilisema mbele ya wazee. Ng'ombe nilipokea. Mimi siwezi kukataa. Nikaona labda bunduki inaweza."

Sauti ya shangazi ikavuka ghala. "Mwalimu, mmepata nini huko?"

Nilijua ningesema nta, uani pangekuwa na kicheko ambacho Mzee angezikwa nacho. Nikajibu, "Unyevu."

Ilikuwa Januari. Mvua hatukuwa tumeiona tangu mahindi yakauke shambani, na vumbi la lori letu lilikuwa limefunika hata majani ya mikaratusi.

"Unyevu gani na hii vumbi yote?"

Nikatoka hadi pembeni ya ghala, nikaweka mikono mgongoni kama mhadhiri, nikaeleza. Nilisema kwamba kwenye mwinuko kama huu wa Uasin Gishu hewa ni nyembamba, kwa hivyo chuma hupumua kwa shida, na usiku huvuta mvuke kutoka ardhini na kuuficha mahali pembamba. Hapakuwa na sentensi hata moja ambayo mwalimu wangu wa chuo angeivumilia. Watu walisikiliza kwa heshima. Mpambe wangu, aliyesoma nami sekondari, alitazama viatu vyake. Nyuma yangu Mzee akatia sahihi kwa sauti ya kutosha: "Hiyo mvuke ni mbaya sana."

Nikarudi, nikamkabidhi gobori.

"Sasa italia?" akaniuliza.

"Italia, Mzee."

"Hakika?"

"Hakika."

Sijawahi kumwona mtu akipokea kazi nzuri kwa huzuni kiasi kile. Hapo ndipo nikasikia mdomo wangu ukisema jambo ambalo kichwa hakikuwa kimelipitisha. "Nta hii hapa. Ukitaka kuirudisha, irudishe. Mimi nitasema mvuke umezidi."

Akaichukua. Akaiviringisha kati ya vidole mpaka ikawa kipunje. Kule mbele mpambe wangu alikuwa akitangaza saa kwa sauti ya stesheni, na nilipiga hesabu ya pasta, ya mazishi, na ya kurudi mjini nikiwa na lori la watu wenye njaa na bila mke. Mzee akapangusa vidole kwenye koti, akainuka, akatembea hadi katikati ya uwanja bila kuniangalia.

Akavika fataki. Akafyatua.

Lililia. Sijui alikuwa ameongeza baruti kiasi gani kila liliposhindwa, lakini mabati ya jikoni yaliitikia, dereva akajikuta chini ya lori lake mwenyewe, na kuku yule mheshimiwa akapotea kwenye mabua makavu ya mahindi. Moshi ulipopungua, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee alibaki amesimama palepale.

"Imelia?" akauliza.

"Imelia," tukajibu sote.

"Sikusikia vizuri," akasema, na akaanza kumimina baruti upya.

Hakuna aliyethubutu kumzuia. Mpambe aliweka saa mfukoni, akakata tamaa. Bibi harusi ndiye aliyeshuka mlangoni, shela mkononi, akamshika babake mkono wa koti.

"Baba, hiyo ya pili utanipigia nikija kukusalimia."

Mdeki ukasimama nusu ya mtutu. "Utakuja lini?"

"Jumapili."

Dereva akawasha lori. Mzee akauchomoa mdeki, akalisimamisha gobori ukutani, kisha akamfuata binti yake hadi kwenye ngazi ya lori, akitaka kujua ni Jumapili gani.