Meza ya Wawili Gatini

Mgeni akifika katika hoteli ile ya pwani ya Trelawny, akivishwa utepe wa kijani mkononi na kupewa glasi ya juisi ya mapera, watu wa mapokezi humwambia jambo moja la ziada: ukiwa na swali, nenda kibanda cha taulo kule ufukweni, umwone Ionie.

Ionie Pusey hakuwa na cheo. Kazi yake ilikuwa kupokea kadi na kutoa taulo, kupokea taulo na kurudisha kadi, tangu alipokuwa msichana mpaka mvi zikaanza kuchungulia. Lakini ukikaa mahali pamoja muda mrefu namna hiyo, na wewe si mjinga, utaona mengi. Wageni walikuwa wamelipa kila kitu mara moja huko kwao, chumba, chakula na pombe, wakaja wakidhani hakuna tena la kufikiri. Ionie aliwazindua. "Cha bure kina wenyewe," aliwaambia. "Anayezubaa anakula makombo, na amelipa sawa na mwenzake."

Akikupenda, alikupa yote. Usiombe chumba karibu na jukwaa la muziki, utalala na ngoma kichwani. Kwenye bufee zunguka kwanza na sahani tupu, usijijaze mkate halafu uje kulia mbele ya mchuzi wa mbuzi. Bakshishi ya mtu wa baa itoe siku ya kwanza, maana shukrani za siku ya kuondoka hazimmiminii mtu kinywaji. Njoo na kikombe chako kikubwa chenye kifuniko. Jipake mafuta ya kuzuia jua hata kukiwa na upepo, upepo wa huku ni mwongo. Viti vya kivulini huisha kabla ya chai. Na la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kama anatoa siri ya ukoo: ule mkahawa wa juu ya maji, mwisho wa gati, una meza chache mno. Siku ya kwanza, kabla hata hujapiga mswaki, nenda ukaandikishe meza. Ukingoja siku ya mwisho utaishia kuzitazama taa zake kwa mbali.

Taa zenyewe zilionekana mpaka nyumbani kwao Ionie, kilimani juu ya barabara kuu. Mama yake, Bi Icilda, aliketi barazani kila jioni akizitazama zikiwashwa. Ujana wake wote alifulia na kuogea ufuo ule, kabla wenye hoteli hawajaweka ukuta na mlinzi. "Siku moja," alizoea kusema, "nitakula pale penye taa, na kofia yangu kichwani." Ionie, aliyekuwa akimpikia, akimpeleka kliniki na kumkanda miguu kwa mafuta kila usiku unapoingia, alimjibu vilevile miaka nenda miaka rudi: "Nikipata zawadi ya mfanyakazi bora, Mama, nitakupeleka mimi. Utakula kamba-kochi mpaka useme basi." Kwa sababu zawadi ilikuwa hiyo: kukaa hotelini kama mgeni, Ijumaa mpaka Jumapili, wewe na mtu mmoja umtakaye.

Mwaka ule zawadi ikaenda kwa Shernette.

Huyu Shernette ni mdogo wake, kitinda mimba. Alizunguka miaka kadhaa kwenye meli za watalii, akarudi, akapata kazi jiko la keki hapohapo hotelini. Hajakaa hapo hata kidogo. Sasa siku hiyo kuna harusi, keki ikaanguka kutoka kwenye toroli, bibi harusi anataka kuzimia, na Shernette akaijenga upya kabla wageni hawajamaliza supu. Bibi harusi akalia, akaenda kumsifu kwa meneja, na hapo ndipo mambo yalipokwisha. Jina liliposomwa Ionie alipiga makofi hadi viganja vikamuuma. Kisha akaenda nyuma ya kibanda akazitupa taulo safi mchangani, moja baada ya nyingine, akaziokota na kuzikung'uta mwenyewe.

Tuseme ukweli, wivu ule haukuanza siku ile. Ulianza Shernette alipozaliwa na Ionie akashushwa mapajani. Ukanenepa Shernette alipokuwa melini, kwa sababu picha zake Mama alizibandika ukutani zote, Shernette na theluji, Shernette na nahodha, na kila jirani aliyeingia alionyeshwa. Picha ya Ionie haikuwapo. Nani anabandika picha ya mtu anayemletea uji kila asubuhi?

Rafiki yake Marva, msimamizi wa mlango wa ule mkahawa wa gatini, alimkuta kantini ya wafanyakazi ameinamia sahani.

"Shoga, mbona umenuna kama uliyelishwa shubiri?"

"Kichwa kinauma."

"Kichwa au roho? Mwenye wivu ajinyonge, bwana, kamba zipo stoo."

"Wivu na nani? Yule si mdogo wangu, damu yangu?"

"Ndiyo maana yake. Kikulacho ki nguoni mwako," Marva akasema, akacheka, akachukua kipande cha kuku kutoka sahani ya Ionie. Ionie naye akacheka, ila meno tu.

Jumatano jioni Shernette alikuja nyumbani na vikeki vya nazi, akamkuta Ionie jikoni akimenya shelisheli la kuchoma, na Mama kwenye kigoda chake karibu na mlango.

"Dada, nifundishe," Shernette akasema. "Sisi wa jikoni huko mbele hatupitishwi, mimi sijui hata wanaingilia wapi. Nisije nikamwaibisha Mama."

"Huyo ndiye wa kumwuliza," Mama akadakia. "Ionie anaijua hoteli ile kama kiganja chake. Atakalosema ndilo tutakalofanya, hilohilo, bila kupunguza."

Ionie akaendelea kubandua maganda meusi. Ulimi wake ulianza wenyewe.

"Ombeni chumba karibu na jukwaa. Pamechangamka."

"Karibu na jukwaa," Shernette akarudia, kama mtoto wa shule.

"Ufukweni msikimbilie. Kunyweni chai kwa nafasi, viti viko tele."

"Na kule kwenye taa?" Mama akauliza. Sauti yake ilibadilika kidogo.

Hapa Ionie angeweza kusimama. Hakusimama. "Kule ndiko msiwe na haraka kabisa. Nendeni jioni ya mwisho, Jumamosi, giza likianza kuingia. Ndipo panapopendeza."

"Hakuna kuandikisha?" Shernette akauliza.

"Kuandikisha ni kwa wageni wa nje. Nyinyi ni washindi. Mtaingia tu."

Lakini msimwonee Ionie. Hakutaka Mama akose. Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alimfuata Marva akamwomba meza ya watu wawili, Jumamosi jioni, ile ya pembeni kabisa inayotazama kilimani.

"Kwa jina la nani?"

"Langu. Ni ya Mama."

Marva akaandika. Ionie alikwisha kuyapanga yote kichwani. Shernette atarudishwa mlangoni, atababaika, hatajua la kufanya. Kisha Ionie atatokea, amevaa vizuri, aseme, pole, Mama, Shernette ni mgeni wa mambo haya, mimi nimekutafutia nafasi, bahati mbaya viti ni viwili tu. Atamshika Mama mkono, waketi chini ya taa, yeye na mama yake, kama alivyoahidi. Kuna ubaya gani hapo?

Jumamosi asubuhi alikaa kibandani akingoja malalamiko. Mama akaja amevaa miwani ya jua ya Shernette, utepe wa kijani mkononi, uso unang'aa.

"Sijalala, mwanangu," akasema. "Tumekaa kwenye roshani tukacheza mpaka mpiga tarumbeta akachoka yeye. Chumba kizuri kile. Mungu akubariki kwa kutuambia."

"Amina," Ionie akasema.

Viti vya kivulini vilikuwa vimekwisha, kama alivyojua. Akawatazama wakizungukazunguka mchangani na taulo zao, na moyo wake ukaanza kutulia. Mara mzee mmoja wa Kanada, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akainuka akampa Mama kiti chake, na mkewe akaenda kumletea maji ya nazi. Haikupita muda Mama alikuwa katikati ya kundi la wageni akiwasimulia walivyokuwa wakifua pale, jiwe lilikuwa wapi, nani alizama na nani aliokolewa, nao wanamsikiliza kama kanisani.

Hayo yote Ionie angeyameza. Ila ikafika saa ya joto, Shernette akatoa chupa ya mafuta, akapiga magoti mchangani na kuanza kumkanda Mama miguu. Miguu ileile. Vifundo vilevile ambavyo Ionie alivijua kuliko vya kwake, kipi kinavimba kukiwa na mvua na kipi hakitaki kubonyezwa.

"Ionie," Mama akaita kutoka kule, "njoo umwone mdogo wako anavyokanda. Kumbe ana mikono."

"Niko kazini, Mama."

Akampa mgeni taulo mbili kwa kadi moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jioni alivua sare chumba cha wafanyakazi, akavaa gauni la buluu la Pasaka, akajipaka rangi ya mdomo na kuchukua mkoba. Akasimama mwanzo wa gati, nyuma ya maboya, akawaona wanapita. Mama alikuwa na kofia yake nyeupe ya kanisani, ile yenye wavu, na glavu. Alitembea juu ya mbao zile polepole, ameushika mkono wa Shernette, na kila taa aliyoifikia alisimama kuitazama.

Marva alikuwa ndani akigombana na wapishi. Mlangoni aliwekwa msichana mgeni wa kazi, ametoka Kingston juzi tu, hamjui mtu. Akaangalia daftari, akatikisa kichwa. Pamejaa, mama, samahani. Shernette akamwonyesha utepe. Pamejaa, dada. Nyuma yao wageni wenye nafasi zao walikuwa wameanza kupanga mstari, wakiitazama ile kofia.

Ionie akaanza kutembea. Alipokaribia alimsikia mama yake akimwambia yule msichana, kwa upole, kama mtu anayetoa hati yake ya mwisho: "Mwanangu, waambie huko ndani mimi ni mama yake Ionie. Ionie wa taulo. Wanamjua."

Ionie alikwisha kufika. "Mama," akasema, "ngoja, mimi nitalitengeneza."

Na hapo hapo Marva akatoka. "Hatimaye. Shoga, meza yako nimeishikilia kwa meno tangu Alhamisi, watu wanataka kuniua. Huyu ndiye Mama? Karibu, Mama, karibu."

"Tangu Alhamisi?" Bi Icilda akauliza.

"Alhamisi asubuhi. Meza ya wawili," Marva akasema, kisha akawatazama wote watatu.

Shernette ndiye aliyezungumza. Hakumwangalia dada yake. "Dada alituandikishia sisi, Mama. Alitaka kutushtukiza. Sivyo, dada?"

Jamani, kilichotakiwa ni neno moja. Aseme ndiyo, aibu imekwisha, Mama anaingia na kofia yake na kula chini ya taa. Shernette alikuwa amemfungulia mlango na kuushikilia. Lakini ukisema ndiyo, anayeketi kwenye kile kiti cha pili ni Shernette. Ionie alifungua kinywa, na ndiyo haikutoka.

Mama alikuwa akimtazama. Akatazama gauni la buluu. Akatazama mdomo uliopakwa rangi, na mkoba.

"Mimi ndiye niliyekuahidi, Mama," Ionie akasema. "Mimi. Si yeye."

Bi Icilda akavuta wavu wa kofia ukamfunika macho. "Basi kaketi, mwanangu. Meza si ya wawili? Wewe na kijicho chako mtatosha."

Akageuka, akamshika Shernette mkono, wakarudi juu ya mbao zile. Safari hii hakusimama penye taa hata moja. Walikula kuku wa kuchoma wa pilipili pale mchangani, kwa mikono, pamoja na mzee wa Kanada na mkewe, na kutoka gatini Ionie aliiona kofia nyeupe ikitikisika, hakujua ni kwa kicheko au kwa nini.

"Shoga," Marva akamwambia taratibu, "utaketi, au niwape wengine?"

Akawapa wengine.

Jumatatu jioni Ionie alirudi kutoka kazini akakuta kiti cha Mama barazani kimegeuzwa. Kilikuwa kinatazama mshelisheli na tangi la maji, na bahari ilikuwa mgongoni. Alipika, akampa, Mama akala na kusema ahsante. Utepe wa kijani bado ulikuwa mkononi mwake.

Taa zilipowaka kule chini, Ionie alileta chupa ya mafuta kama kawaida, akakaa sakafuni. Mama akamnyooshea miguu. Ionie alianza na kifundo cha kushoto, kile kinachovimba. Alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba leo ataomba radhi, na maneno aliyapanga, yalikuwa mazuri. Akakanda, akakanda. Akainua kichwa.

"Mama," akasema, "hivi kati yangu na Shernette, nani anakanda vizuri?"

Bi Icilda aliendelea kutazama mshelisheli. "Kanda, Ionie," akasema.