Nyumba Yetu Iliyoandikwa Kibanda

Harufu ya tanuru ya matofali inanipandisha hasira mpaka leo. Hapa Kasongo jirani yangu anachoma yake, nami nafunga madirisha kwa kishindo ili asikie, na wala hana kosa, maskini.

Baba na mama walichoma ya kwao kule Kabambare, viangazi viwili. Ikasimama nyumba ya vyumba vitatu, mabati juu, saruji chini. Tuliiita nyumba kubwa. Nyuma yake kulikuwa na jiko, kijumba cha udongo na majani, na humo sisi wasichana tulilala na bibi, kando ya moto. Ndiyo desturi yetu. Nyumba kubwa ni ya wazazi na wageni, hata ingekuwa na vyumba kumi.

Barabara ikataka kupanuliwa. Tulishatangaziwa: mwenye nyumba ya kudumu atapewa parseli nyingine, kiwanja cha kujenga, na mabati mapya, mwenye kibanda atavunja aende zake. Asubuhi moja ajenti wa serikali akafika kuandika nyumba, na karatasi zake, wakubwa wote wako shambani. Akapanda barazani pa nyumba kubwa, nikamletea kiti na maji.

"Mutoto, wewe unalala wapi?"

"Mu jiko, na bibi," nikajibu, nikamwonyesha.

Akaandika: kibanda cha majani, kimoja. Akanisifu kwamba nimelelewa vizuri. Mshenzi yule!

Katapila ilipokuja, baba alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Waliokuja nayo wakamsomea karatasi, wakamwambia ni mtoto wako mwenyewe aliyesema. Akanigeukia. Mama akaingia katikati yetu, akasema, "Mutoto ameulizwa mahali analala. Amesema kweli." Baba hakunigusa. Afadhali angenichapa, kwa sababu tulihamia kwa mjomba, na kila mvua ilipovuja juu ya bibi nilijua ni mimi niliyemvunjia mama nyumba.

Niliamini hivyo mpaka nilipozaa wangu. Binti yangu alipofika miaka tisa, umri wangu wa siku ile, nilimtazama siku moja akimjibu mgeni mlangoni, mdogo hivi, mwenye adabu hivi, na mwili ukaniwaka. Yule bwana alikuwa na macho. Alikaa kwenye kiti chetu, chini ya mabati yetu, akaegemea ukuta wa matofali, ndipo akaniuliza. Jibu alikuja nalo. Alichokosa ni mtu wa kumtwika, akanitwika mimi.