Mto Uliopindishwa na Chaki

Juzi, kwenye intaneti kafe moja Kariakoo, nilimkuta mwalimu wangu wa zamani wa jiografia akiprinti ramani ya mito kwa ajili ya wanafunzi wake.

Mwenye duka akagonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Mama, hapa wameandika haki zote zimehifadhiwa. Muombe ruhusa kwanza mwenyewe."

Mwalimu akavaa miwani, akaitazama ramani, akacheka mpaka akashika meza. "Mwenyewe nani? Huu mto Rufiji niliupindisha mimi ubaoni, chaki iliponiteleza. Huyu aliyeichora ni mwanafunzi wangu, kanakili mpaka kosa!"

Kabla ya enzi za ruksa, biashara huria ilipofunguliwa nchini, vitabu vilikuwa adimu kama sabuni. Ubao ndio ulikuwa kitabu chetu, na hakuna aliyeomba ruhusa.

Nyumbani nilifukua daftari langu la shule. Rufiji yangu nayo imepinda palepale.