Chapati ya Kwanza ni ya Ng'ombe

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye usaili wa kazi mgodini, upande wa Bulyanhulu. Nikirudi nilishuka Tinde, ingawa nauli yangu ilikuwa ya kufika Shinyanga mjini. Sikuwa na sababu ya maana, rafiki yangu. Nilitaka tu kusimama mbele ya lililokuwa duka letu.

Tulikuwa Wahindu pekee pale barabarani. Bibi, mama yake baba, alioga alfajiri na kuwasha taa ya samli mbele ya picha za miungu kabla ya kugusa unga. Chapati ya kwanza haikuliwa na mtu. Ilikuwa ya ng'ombe. "Tumbo lisitangulie shukrani," alisema huku akiipaka samli, nami kazi yangu ilikuwa kuipeleka kwa ng'ombe wa jirani yetu Msukuma, ingali moto.

Jirani alicheka kila siku. "Mwone! Yeye chapati, mimi mwenye ng'ombe nimeamkia michembe, viazi vikavu!" Lakini alimfunga ng'ombe wake karibu na uzio ili nisihangaike kumfikia.

Baba alikuwa na mawazo mengine. Wachimbaji walianza kupita na fedha zao, naye akaleta televisheni na redio kubwa za kuuza, akazipanga mlangoni. "Mama, dunia inakimbia," alimwambia bibi, "wewe bado unalisha mikia."

Shuleni waliniita dada wa ndama. Nilikuwa na miaka tisa, na nilichoka. Asubuhi moja niliila ile chapati nyuma ya stoo. Ilikuwa tamu. Kesho yake nikaila tena, na keshokutwa.

Siku ya nne ng'ombe alikata kamba, akaja mwenyewe. Aliingia dukani taratibu kama mteja, akanusa televisheni moja baada ya nyingine, ya mwisho akaiangusha, kioo kikapasuka.

"Basi!" baba alisema. "Chapati ya ng'ombe mwisho leo."

Bibi hakubishana. Alidhani kosa ni lake, labda alizipika akiwa na kinyongo moyoni, na siku ile alifunga. Nilimwona ameketi jikoni, jiko halina moto, nikanyamaza. Jambo hilo nimelifikiria chuoni, kwenye mitihani, hata kwenye usaili ule, mbele ya watu waliokuwa wakinihoji.

Bibi alishafariki. Baba yuko Mwanza. Nilimpigia simu nikiwa pale pale.

"Baba, zile chapati nilikuwa nakula mimi."

"Nilijua. Ulikuwa unapita dukani na samli kidevuni."

"Mbona hukumwambia bibi?"

"Na wewe je?"

Hakusema kwa ukali. Bibi alifunga kwa kosa letu sisi wawili.

Kisha baba akauliza, "Hapo bado kuna ng'ombe?"

Nikatazama. Penye uzio wa jirani zimeegeshwa pikipiki, vijana wanasubiri abiria.

"Hakuna, baba."

"Hebu angalia vizuri," akasema. "Chapati tatu bado tunadaiwa."