Figo za Kiwanda cha Saa

Kwa miaka kumi Dk. Irmtraud Faisst aliwajua wanawake wa kiwanda cha saa cha Hohlenbach kwa ndani kuliko waume zao, na hapa sisemi kwa mafumbo. Aliwapasua. Alikuwa mkuu wa mochwari ya hospitali ya mji huo wa kusini mwa Ujerumani, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, na kazi yake ilikuwa kuwafungua waliokufa na kuandika kilichowaua.

Hakuzaliwa na koti hilo. Baba yake alikuwa fundi wa makasha ya saa, akafa kwa mapafu mabinti zake wawili wakiwa wadogo. Dada yake Lioba, aliyemzidi miaka minne, aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na minne, akakalishwa mezani kufunga nywele ya saa, ule waya mwembamba ambao ukiupumulia tu unaruka. Mshahara wa Lioba ndio uliompeleka Irmtraud shule ya watawa, kisha chuo kikuu huko Freiburg. Lioba hakumsimanga hata siku moja. Mdogo wake alipofaulu mtihani wa mwisho, aliyelia ni yeye.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta Irmtraud kwenye chumba cha chini cha hospitali ya Freiburg, akipasua watu waliofukuliwa kwenye vifusi. Ilipokwisha alirudi nyumbani. Hakuolewa. Lioba naye hakuolewa, maana mchumba wake hakurudi kutoka vitani Urusi. Basi kila Jumapili saa tisa alasiri ndugu hao wawili walikaa kwa Lioba, wakala keki ya plamu na kunywa kahawa.

Mambo ya figo yalianza mwaka wa pili wa kazi yake. Alimfungua mwanamke wa kiwandani, akakuta figo zimesinyaa na ncha zake za ndani zimekufa, rangi ya tumbaku. Akaona ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Miezi mitatu baadaye akaja wa pili, kisha wa tatu, wote wa meza za nywele ya saa. Akaanza kuwauliza jamaa zao marehemu alikuwa akila nini, akinywa nini. Jibu lilikuwa moja: dawa ya kichwa, ile ya unga ya kwenye vikaratasi. Wanawake wale waliinywa saa tatu asubuhi na mkate, wakairudia mchana, wakaimalizia jioni, ili macho yasiwaume na vidole visitetemeke. Kisanduku chake kilikaa mezani kwa msimamizi, kila mtu akijichotea kama chumvi.

Ng'ambo ya mpaka, Uswisi, madaktari walikwisha kuandika kwamba dawa hiyo huua figo. Irmtraud akapeleka kesi zake ishirini kwa maprofesa wa Freiburg. Wakamcheka, wakamwambia ishirini ni hadithi, alete mia. Akaapa kuzifikisha mia, kwa sababu aliamini kwamba akiwa na figo mia hakuna mtu atakayethubutu kukiacha kisanduku kile mezani. Hayo ndiyo yakawa maisha yake. Kiangazi cha mwaka 1958 alikuwa nazo sitini na tatu, kila moja kwenye chupa yake, na kila moja aliishika kwa mkono wake.

Halafu zikakatika. Kwa desturi ya hospitali, maiti ilipasuliwa isipokuwa jamaa wamekataa kwa maandishi, na Hohlenbach watu walikuwa hawakatai. Vuli ile wakaanza kukataa. Hadi Krismasi alikuwa na barua kumi na moja, zote zikisema jambo moja: hatutaki mama yetu aandikwe kwenye madaftari ya hospitali. Mitaani nako mambo yakageuka. Akiingia kwa mwoka mikate, wanawake walikatisha mazungumzo na kuhesabu vigae vya sakafu.

Irmtraud hakuhitaji kufikiri sana. Alimshuku daktari wa kiwanda, Dk. Kaltenbach, mzee mnene mwenye harufu ya sigara, kwa sababu nani mwingine angenufaika? Akamkabili kwenye korido ya hospitali mbele ya wauguzi, akamwambia anawaua wagonjwa wake kisha anawaficha. Kaltenbach aliapa hajui lolote. Irmtraud akaacha kumsalimu.

Ikaja Februari, siku za vinyago kabla ya Kwaresima. Siku hizo aliyevaa kinyago ana ruhusa ya kumsimamia yeyote, hata padre, na kumsomea aliyoyafanya mwaka mzima, kwa sauti nyembamba ya kubana pua. Anayesomewa haruhusiwi kukasirika. Anatakiwa acheke na amnunulie mwenzake mvinyo. Jumatatu jioni Irmtraud alikuwa amekaa na manesi wawili kwenye hoteli ya Ng'ombe Mwekundu, pamejaa pomoni, na kinyago cha mti chenye uso wa bibi kizee kikaja kusimama mbele yake.

“Daktari, umependeza leo,” kikasema. “Mikono umenawa?”

Watu wakacheka. Irmtraud akacheka nao.

“Nasikia sisi wa kiwandani hatuna tofauti na mlevi wa mtaroni. Tofauti yetu ni kwamba sisi tunakwenda misa. Kweli au nimesikia vibaya?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakapiga meza. Irmtraud aliendelea kutabasamu, kwa kuwa ndiyo desturi, akaagiza mvinyo. Lakini maneno hayo yalikuwa yake, neno kwa neno. Aliyasema mara moja tu, Septemba, siku aliyokuwa amemfungua mama wa watoto wanne mwenye miaka thelathini na tisa. Alikuwa amechoka na amejaa hasira. Aliyasema mezani kwa Lioba, na mezani hapo walikuwa wawili tu.

Siku mbili zile hakulala vizuri. Jumatano ya Majivu, alipotoka kanisani na paji lake likiwa na alama ya majivu, alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Lioba alikuwa jikoni, kahawa tayari, kana kwamba alimtarajia.

“Dada, yale maneno nilikwambia wewe peke yako.”

“Najua.”

“Ulimpa nani ayaseme ukumbini?”

“Sikumpa mtu ayaseme. Kinyago niliazima kwa Zita wa meza ya nane. Ndani nilikuwa mimi.”

Irmtraud alikaa bila kuambiwa kaa. Akauliza habari ya zile barua kumi na moja. Lioba akamjibu bila kutafuna maneno kwamba wenzake hawajui kuandika barua za kupeleka hospitali, kwa hiyo aliwatungia, nao wakanakili kwa mikono yao.

“Na mimi nikamtukana Kaltenbach hadharani! Kwa nini, dada? Mimi nilikuwa nawapigania.”

“Unatupigania tukishakufa. Tukiwa hai unatupita njiani, kofia kichwani, huku unatuona walevi. Zita alinishika mkono akaniuliza, ‘Eti mdogo wako anasemaje juu yetu?’ Ningemwambia nini? Nilimweleza ukweli. Nimekaa naye meza moja miaka thelathini.”

“Ungemwambia nilikuwa na hasira. Ungenitetea. Wewe ni damu yangu.”

“Traudel,” Lioba akasema, kwa jina la utotoni, “miaka kumi unakula keki yangu. Umemuuliza kila mjane na kila yatima wa mji huu marehemu wao alikuwa akinywa vikaratasi vingapi. Mimi hujaniuliza hata siku moja.”

Ilikuwa kweli. Zamani Lioba alimwambia hunywa kimoja tu kichwa kikimgonga, naye akaridhika, kwa sababu kuridhika kulikuwa rahisi. Sasa akauliza.

“Vingapi?”

“Kumi. Mwisho wa mwezi kumi na viwili.”

Ndipo akamtazama. Uso wa dada yake ulikuwa wa kijivu, ngozi imekauka, kope zimevimba. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeona. Yeye alikaa mbele ya uso huo kila Jumapili, kisha akarudi mochwari kuwaza figo za watu wengine. Akaanza kumsihi: aache leo hii, waende hospitali kesho, apimwe damu, kuna daktari mzuri. Akalia, mtu ambaye manesi walidhani hana machozi.

Lioba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila dawa vidole havishiki waya, na amebakiza miaka minane kabla ya kustaafu. Akachukua kikaratasi kwenye kisahani, akakifungua mbele ya mdogo wake, akajimwagia unga ulimini, akashushia na kahawa.

Mimi nasema ndugu hawa waliuzana, na sina mizani ya kujua nani aliuza kwa bei rahisi zaidi. Irmtraud hakuwa na shaka. Aliona amesalitiwa na mtu pekee aliyempenda, na kutoka siku ile hakurudi tena kula keki.

Lioba alikufa Oktoba. Ndugu wa karibu alikuwa mpasuaji mwenyewe, kwa hiyo marehemu hakumwachia uamuzi. Alikuwa ameandika barua yake ya kukataa mapema, kwa maneno karibu yaleyale ya zile barua kumi na moja, akaikabidhi kwa Dk. Kaltenbach. Kaltenbach aliileta mwenyewe mochwari, kofia mkononi, akaiweka mezani na kuondoka. Irmtraud aliisoma mara mbili. Akasaini maiti itolewe nzima.

Masika yaliyofuata alisimama mbele ya madaktari wenzake huko Freiburg na kesi zake sitini na tatu. Safari hii hawakumcheka. Wakamsifu kwa uangalifu wake, na baadaye kazi yake ikachapishwa. Mwishoni profesa mmoja mzee aliinua mkono, akauliza kwa upole kama aliwahi kumfuatilia hata mgonjwa mmoja angali hai, kwa miaka kadhaa, tangu dalili za mwanzo, kwani ingesaidia sana kujua ugonjwa huu unavyomla mtu.

Dk. Faisst alikusanya karatasi zake. Akajibu kwamba kwa bahati mbaya hakuwahi kupata nafasi hiyo.