Jina Kwenye Ukingo wa Medali

Watu wa umri wangu hapa Mwanza hukusanya viwanja. Wana kimoja Buhongwa, kingine Usagara, cha tatu mahali ambapo hata bodaboda hawajapajua, na wakikutana huonyeshana hati kwenye simu kama picha za watoto. Mimi nina kabati. Ndani yake mna vifungo vya shaba, nembo za kofia, filimbi ya sajini, mkanda mmoja wenye bizimu ya taji, na medali kadhaa za wafalme wa Uingereza, wote wakitazama pembeni kana kwamba mwenye kabati hawahusu. Vingi nilivipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pale Mkuyuni, ambao wamekwisha kunizoea na hunitengea chochote chenye kichwa cha mzungu.

Nilisomea historia chuo kikuu, na kwa miaka mingi nilimwambia kila aliyeuliza kwamba ninahifadhi kumbukumbu za babu zetu waliokuwa keya, yaani askari Waafrika wa Mwingereza. Yalikuwa maelezo mazuri. Niliyatumia hata kwa mke wangu. Aliyasikiliza mara moja, akachukua medali moja, akaniuliza kama babu yangu naye alikuwa na ndevu zile.

Ukweli ni kwamba napenda vitu vyenyewe, na zaidi ya yote napenda ukingo. Medali za vita ya pili walizopewa watu wetu hazina jina. Mwingereza alizigawa tupu, kama sahani za harusi. Za vita ya kwanza, ile ambayo wazee wa huku huiita vita ya Mjerumani, zina herufi ndogo zilizopigwa pembeni kuzunguka duara: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Unaigeuza medali polepole chini ya kioo cha kukuzia, na mtu anatokea herufi kwa herufi. Sijui raha nyingine inayofanana na hiyo, na ninajua inavyosikika.

Baba mkwe wangu alikuwa nayo moja.

Alikuwa mzee wa Kisukuma, mpima pamba mstaafu, aliyeishi Buhongwa katika nyumba aliyoijenga chumba baada ya chumba. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kama mitano. Alimkumbuka kwa harufu ya ugoro na kiganja kikubwa kilichomfunika kichwa chote. Mengine yote kuhusu baba yake yalikuwa ile medali. Aliivaa kwenye koti jeusi, upande wa kushoto, katika misiba na harusi. Utepe wake ulikuwa umeoza zamani, kwa hiyo ilining'inia kwenye kipande cha ngozi. Mama yake aliisugua kwa majivu miaka mingi hadi mfalme akapoteza pua. Upande wa pili kuna mpanda farasi aliye uchi, anakanyaga ngao, na wajukuu walikuwa na maneno yao juu yake. Mzee aliwaambia kwamba huyo ni Mwingereza aliyevuliwa nguo na Wajerumani hapa hapa Mwanza, akaona aendelee na vita hivyo hivyo.

Niliitamani medali ile kwa miaka kumi na tisa. Lakini mkwe hanyooshi mkono kwenye kifua cha mkwewe. Nilimwamkia, niliulizwa habari za kazi, nilikaa kwenye kiti changu karibu na mlango, na ukingo ulibaki kule.

Kisha mzee aliamua kulijengea kaburi la baba yake, kule nyumbani kwao Misungwi. Fundi alikwisha kupewa maneno ya kuchonga: jina, ukoo, na mstari mmoja chini yake, Askari wa Vita ya Mjerumani. Mzee alitaka na namba ya jeshi iwepo. Siku ya pili ya Krismasi, familia ikiwa imekaa sebuleni Buhongwa, akaifungua medali kutoka kwenye koti kwa mikono yake.

"Mkwe," akasema, "wewe unayesoma vyuma, tusomee cha baba."

Kioo nilikuwa nacho mfukoni. Mwingine huja ukweni na mikate. Nilisoma namba kwa sauti, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaiandika nyuma ya risiti. Nikasoma cheo. Nikasoma jina, na halikuwa jina la baba wa mzee. Halikuwa hata jina linalokaribiana nalo. Nikalisoma tena, kwa sauti zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yao.

Hapo ningeweza kusema maandishi yamefutika. Majivu ya mama wa mzee yangenitetea. Badala yake nilitoa mhadhara. Nilieleza kwamba baada ya vita medali zilibadilisha mikono sana, kwamba fedha ni fedha na masonara walizinunua, kwamba nyingine ziliokotwa, nyingine zililiwa kwenye kamari, na kwamba kitaalamu hatuwezi kusema marehemu aliwahi kuwa askari. Nilisema "kitaalamu", ukweni, nikiwa na kipande cha andazi mkononi.

"Kwa hiyo babu alikuwa mwizi?" shemeji akauliza. Ana malori mawili na hana subira na watu wanaozungusha maneno.

Nikasema hakuna aliyesema mwizi, yako mambo kadhaa yanayowezekana.

"Yataje basi."

Nikayataja. Mimi ndiye niliyeyataja, moja baada ya jingine, na wizi ulikuwa jambo la nne.

Mzee hakubishana. Alikuwa mtu aliyeuza ng'ombe ili binti yake asome, na akamwoza kwa mtu mwenye shahada akiamini ng'ombe wamerudi. Aliniuliza swali moja tu, kama nina uhakika.

"Maandishi hayadanganyi, baba," nikamjibu.

Wiki mbili baadaye mke wangu alirudi kutoka Buhongwa na medali imefungwa kwenye leso. Baba yake alikuwa amesema akae nayo anayewajua wenyewe. Mke wangu aliiweka mezani mbele yangu, akaniambia niirudishe na nimwambie mzee kwamba nilikosea. Nikasema sikukosea. Akaenda kuanua nguo.

Niliiweka kwenye kabati, katikati. Ningependa kuandika kwamba niliona aibu. Nilifurahi. Sikuwa na medali nyingine yenye jina la mtu kutoka upande huu wa ziwa.

Fundi aliambiwa asiuchonge ule mstari. Kaburi likajengwa na jina na ukoo, na chini yake sehemu laini ya saruji. Mzee akaanza kwenda misibani na sweta. Shule ya msingi ya jirani, iliyozoea kumwita awasimulie watoto habari za vita, ilipomwita tena aliwajibu kwamba alikuwa hajui vizuri.

Mwaka ulipita, na zaidi. Wakati wa masika mke wangu alikuwa na zamu asiyoweza kuiacha, akanituma Sengerema nimpelekee dawa na sukari shangazi yake, dada mkubwa wa baba mkwe. Nilivuka Busisi kwa kivuko, daraja jipya likiwa bado halijafunguliwa juu yetu. Shangazi alikuwa mzee sana, haoni vizuri wala hasikii vizuri, lakini ukimwuliza habari za utoto wake alikuwa anakujibu kama mtu aliyetoka huko asubuhi ile. Tulipomaliza salamu nilimtajia lile jina la kwenye ukingo. Nilitaka tu kujua kama pande hizi paliwahi kuwa na mtu wa jina hilo, nimwandike vizuri kwenye daftari langu. Ilibidi nilitaje mara tatu.

Alicheka hadi akakohoa.

"Si baba huyo?" akasema.

Lilikuwa jina lake la ngoma. Alipewa uwanjani, na wenzake wa ngoma hawakumwita kwa jingine. Hata walipokuja kumlilia walimlilia kwa hilo. Nyumbani halikutajwa, nyumbani alikuwa baba. "Alipokwenda kuandikwa," shangazi akasema, "alimwambia mama yake, mzungu nimpe la ngoma, la nyumbani nakuachia wewe." Na mdogo wake, yaani baba mkwe, angelijuaje? Alikuwa mtoto mdogo siku ya msiba, anazunguka akitafuta mifupa ya nyama.

Mimi ni Mkerewe. Nina jina la ubatizo, nina jina la kwenye kitambulisho, na nina jina alilonipa bibi yangu ambalo mke wangu amelisikia mara mbili. Mtoto yeyote aliyekulia kisiwani kwetu, akiambiwa jina la mtu halilingani, angeuliza kwanza mtu huyo alikuwa na majina mangapi. Mimi niliwahi kukaa darasani miaka mitatu nikifundishwa kutouliza.

Shangazi alitaka kujua kwa nini nauliza. Nikamwambia nililikuta mahali nikisoma. Haukuwa uongo.

Kwenye kivuko simu yangu ilikuwa na mtandao mzuri. Ningeweza kumpigia mzee kabla hatujafika ng'ambo, Kigongo. Nilijiambia kwamba ushahidi wa mtu mmoja hautoshi, na kwamba mama wa umri ule anaweza kuchanganya. Nilijiambia nitaandika kwanza nje ya nchi, kwa mkusanyaji mwenzangu mwenye nakala za orodha za askari. Nikaandika kweli. Akajibu ndani ya juma moja: mtu huyo yumo, namba ni hiyo hiyo, aliandikishwa Mwanza. Akaongeza kwamba medali yenye historia kama hiyo ni nadra na akanipongeza. Nikamshukuru. Bado sikupiga simu.

Hata mke wangu sikumwambia. Nilijua siku nitakayofungua mdomo ndiyo siku nitakayofungua kabati, na kila nilipolipita kabati lile niliona afadhali iwe wiki ijayo.

Katika miezi ile nilikwenda Buhongwa mara tatu. Tulizungumza habari za mvua na za barabara. Mara ya tatu mzee alinisindikiza hadi kwenye geti, jambo ambalo hakuwa analifanya kwa kawaida, akashika nondo ya geti kana kwamba ndiyo iliyomleta.

"Yule mwenye medali," akasema, "umewapata watu wake?"

"Bado natafuta, baba."

"Ukiwapata uniambie mapema. Nitakwenda mwenyewe kuwaomba radhi. Tumekaa na kitu cha watu miaka mingi, na tumekivaa."

Nikamwambia nitamwambia. Akaniambia nisalimie nyumbani. Nilifika hadi barabara ya lami, nikasimama pale, nikarudi hatua kadhaa, na geti lilikuwa limeshafungwa. Nikalichukulia geti lililofungwa kuwa sababu.

Alifariki kabla ya vuli kuanza. Moyo, walisema hospitalini. Ulisimama akiwa anavaa viatu.

Alikuwa ameandika wasifu wake mwenyewe, kwenye daftari la mistari, kwa ule mwandiko wake wa kwenye mizani ya pamba, wenye tarakimu zilizosimama wima. Aliacha nafasi moja tu, ya tarehe ya kufariki. Familia ikaamua niusome mimi kwenye maziko, kwa kuwa nina sauti na nimezoea watu. Nilipewa daftari asubuhi ile ile, Misungwi, nyuma ya nyumba, wanawake wakigeuza wali kwenye masufuria makubwa. Mstari wa pili ulisema kwamba marehemu alikuwa mtoto wa mwisho wa mkulima wa kijiji hiki. Palikuwa na neno jingine kabla ya mkulima, limekatwa kwa rula.

Nikamvuta shemeji pembeni, nikamwambia yote. Jina la ngoma, shangazi, orodha. Medali nilikuwa nayo mfukoni mwa suruali, nikaitoa. Hakuipokea.

"Umejua lini?"

"Masika."

Alihesabu miezi, nikamwona anavyohesabu.

"Na baba alikuwa anakuuliza. Aliniambia anakuuliza."

"Aliniuliza."

Nikamwomba tuubadilishe ule mstari, ni kulirudisha neno moja tu, askari, na mimi nitaeleza mbele ya watu kwamba kosa ni langu.

"Wewe umeshaeleza sana mbele ya watu," akasema. Hakupaza sauti. "Mzee ameandika anachokijua. Amekwenda nacho. Leo utasoma alichoandika, neno kwa neno, halafu dada utamwambia mwenyewe, mimi simo."

Akarudi kwa wachimba kaburi.

Nilisimama mbele ya turubai nikiwa na daftari. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, amejifunga khanga kichwani, hanitazami. Shangazi alikuwa amevushwa kwa gari juu ya daraja jipya asubuhi ile, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na jeneza. Nikasoma jina la marehemu. Nikasoma mahali alipozaliwa. Nikasoma kwamba alikuwa mtoto wa mwisho wa mkulima wa kijiji hiki, na sauti yangu haikutetemeka, kwa sababu nimeizoesha.

Shangazi akamgeukia mwanamke aliyekaa naye, akauliza kwa nguvu, kama wanavyouliza wasiosikia.

"Mkulima nani?"

Yule mwanamke akamshika mkono, akamnong'oneza kitu. Shangazi akauliza tena. Shemeji alikuwa ananitazama kutoka upande wa wanaume, mikono imejaa udongo. Nikasoma mstari uliofuata, unaohusu elimu ya marehemu.